Askari wa Pembeni katika Nchi ya Marejeo

Njia iliyonifikisha Marejeo haina faida kwa mtu yeyote, kwa hiyo naiacha. Ninachotaka wenzangu mkijue ni namna nchi ile inavyotafuta mkosaji. Nimeishi miaka mingi nikiona wakosaji wakitafutwa, na sijawahi kuona kazi hiyo ikifanywa kwa adabu kama kule.

Katika Marejeo kila jambo kubwa la nchi huamuliwa kwa mchezo wa sataranji. Wakigombania mpaka na jirani zao wa Ng'ambo, hawachukui silaha. Ubao unawekwa uwanjani, upande huu anakaa mtu wao, upande ule mtu wa jirani, na atakayemfungia mwenzake mfalme ndiye atakayechukua. Niliposikia hivyo niliwaona ni watu wenye akili kutushinda. Kwetu tumezika watu kwa mambo madogo kuliko mpaka. Sifa hiyo nawapa, na ningependa kuwapa nyingine kabla sijamaliza, ila sidhani.

Kwa asiyeujua mchezo, niseme kidogo. Kila upande una mfalme, ambaye akikamatwa hana pa kwenda mchezo umekwisha. Ana waziri, ana tembo na farasi, ana ngome mbili ziendazo mbio kwa mstari ulionyooka, na mbele ya hao wote wanasimama askari wanane wadogo, waendao mbele tu, polepole, wasioruhusiwa kurudi nyuma. Ndivyo unavyochezwa hata kwetu. Tofauti ni kwamba kule kila kete ina nyumba yake. Ngome ya kulia ni ya ukoo wa Mheshimiwa Rugumba tangu enzi za babu zake. Askari wamegawiwa watu wa mtaa wa chini uitwao Bondeni. Mtu hurithi askari kama anavyorithi pua, na heshima au aibu inayoipata kete ubaoni huipata nyumba yake.

Anayeishika kete na kuisogeza huitwa Mkono. Sheria inataka Mkono awe mchezaji wa ridhaa, mtu asiyewahi kufundishwa sataranji hata kidogo. Nilimuuliza sababu Bwana Desderi, Afisa wa Wageni, aliyepewa kazi ya kunitembeza na kuhakikisha nimeelewa. Alinijibu kwa upole kwamba aliyesomea atakuwa na maoni yake, na mtu mwenye maoni hawezi kuaminiwa na mali ya nchi. Nikamuuliza, Mkono akicheza vibaya anafanywa nini. Bwana Desderi akanitazama kama mtu aliyeulizwa kijiko kinafungwa jela gani. Mkono hauhojiwi, alisema. Mkono ni mkono tu.

Basi nani huhojiwa? Hapo ndipo penye ufundi wa nchi ile.

Marejeo wakishindwa mchezo, hukaa Baraza la Kigeuko. Kazi yake ni kuupitia mchezo hatua kwa hatua mpaka ipatikane hatua moja ambapo mambo yaligeuka, na kutoka kwenye hatua hiyo ipatikane kete moja, na kutoka kwenye kete ipatikane nyumba moja. Nyumba hiyo hubomolewa, na watu wake huvushwa mtaro wakaishi upande usio na maji. Kwa kufanya hivyo, Bwana Desderi alisema, nchi hujifunza.

Na wanaipenda kazi hiyo kwa moyo. Kule kila mtu ni mchambuzi. Mtu akifiwa, hawamuulizi marehemu aliugua nini, wanamuuliza iligeukia wapi. Nyumba niliyopanga, mchana mmoja wali uliungua. Mume na mke wakakaa kuuchambua kabla hata ya kupakua. Mke alidai moto ulikuwa mkali mno. Mume akasema hapana, moto ulikuwa sawa, mambo yaligeuka pale alipoacha sufuria akaenda kumjibu jirani. Mke akauliza nani alimwita jirani. Walipomaliza, kosa lilikuwa la kuni, ambazo zilikuwa zimeshateketea na hazikuwa na la kusema, na wote wawili wakala wali wao ulioungua kwa amani kabisa. Kesho yake uliungua tena.

Wasomi wao wamegawanyika makundi mawili. Wamwanzo hushikilia kwamba mchezo hupotea kwenye hatua ya kwanza kabisa, na yote yanayofuata ni maziko. Wamwisho hushikilia kwamba mchezo haujapotea mpaka hatua ya mwisho, kwa hiyo kosa ni la yule aliyekuwepo mwishoni. Nilihudhuria mjadala wao mmoja. Hakuna aliyezungumzia katikati. Nilipouliza, mzee mmoja wa Wamwanzo aliniambia kwamba katikati ndiko waheshimiwa wanakotembelea, na si adabu kuchungulia.

Mwaka niliofika walikuwa wamepoteza chemchemi ya Luhizo, iliyokuwa ikinywesha mtaa mzima wa Bondeni. Mchezo wenyewe nilikuja kuujua kwa kichwa, kwa sababu sokoni kuna watu ambao kazi yao ni kuusimulia, mmoja akitaja hatua za Marejeo na mwingine za Ng'ambo. Nami nitausimulia hapa kwa kifupi, maana bila huo hamtaona kitu.

Mkono siku ile alikuwa Faraji Tindwa, fundi magodoro, mtu mcheshi. Alianza vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Alimpeleka mfalme kulia, akamweka pembeni nyuma ya askari watatu ambao hawakuwa wamesogea, na mstari wa nyuma akauachia Ngome ya Rugumba iulinde. Wa Ng'ambo akabadilishana naye tembo, akapoteza farasi kwa uzembe, na kwa muda mrefu Marejeo walikuwa mbele. Watu walishaanza kupongezana. Kisha kule kwenye kona ya mbali akaonekana askari mmoja wa adui amesimama peke yake bila mlinzi. Ngome ya Rugumba ikauacha mstari wa nyuma, ikakata ubao mzima, ikamla. Uwanja ukashangilia. Wa Ng'ambo akaitelemsha ngome yake moja kwa moja mpaka mstari uliokuwa umeachwa wazi, na mfalme akawa hana pa kwenda. Nyuma yake hakuna ubao. Pembeni ngome ya adui. Mbele yake askari wake mwenyewe watatu, wamesimama kama walivyoagizwa. Mchezo ukaisha, na chemchemi ikaenda.

Mtoto anayejifunza angewaambieni iligeukia wapi. Nami nilimwambia Bwana Desderi. Hakukasirika. Alikubali kwamba wageni wengi huona hivyo. Lakini sheria inasema nyumba ya kigeuko lazima iwe ya kubomoleka, na nyumba ya Mheshimiwa Rugumba ni ya mawe, imejengwa na mafundi wa zamani, haibomoleki. Kwa hiyo Ngome haiwezi kuwa kigeuko. Nyumba za Bondeni ni za miti na udongo. Isitoshe, Mheshimiwa alikuwa amekwisha kuvishwa utepe mwekundu kwa kumla yule askari wa kona, na mtu hawezi kuvishwa utepe na kulaumiwa kwa jambo lilelile.

Kwetu, ghala la pamba la chama lilipoungua, aliyefungwa alikuwa mlinzi aliyekuwa likizo, kwa hoja kwamba angekuwepo lisingeungua. Nalikumbuka jina lake, na nayakumbuka majina ya waliotia saini. Siyataji, si ya safari hii. Nasema tu kwamba nilipomsikia Bwana Desderi sikujiona niko mbali na nyumbani.

Basi Baraza likatangaza kwamba litawahoji wale askari watatu waliomzibia mfalme njia. Mmoja wao ndiye atakayekuwa kigeuko.

Nilishuka Bondeni kuzitafuta nyumba hizo tatu, nikazikuta zimepakana. Askari wa katikati ni wa Mzee Songoro, seremala mstaafu mwenye kiburi cha mtu aliyewahi kuwa na nguvu. Wa kushoto ni wa Kidawa, muuza maandazi, ambaye mdomo wake unasikika kabla ya jiko lake. Na wa kulia, wa pembeni kabisa ya ubao, ni wa Bi Tunu Mwachiro, mjane anayemtunza mama mkwe asiyeweza tena kutembea. Nyumba ile mumewe aliijenga kwa mikono yake, na mama mkwe alikuwa amekwisha kusema kwamba havuki mtaro, wabomoe akiwa ndani. Hili Bi Tunu alinieleza huku anapepeta mchele, bila kulia, kama mtu anayetoa habari za hali ya hewa.

Kila mtu mtaani alijua atachaguliwa yeye. Mzee Songoro ana wana wakubwa wenye sauti. Kidawa ana Kidawa. Bi Tunu hana mwanamume nyumbani, na askari wake yuko ukingoni, karibu na mlango wa kutokea. Baraza lisingepata taabu.

Mimi kazi yangu, mahali popote, imekuwa kuwaambia watu washikamane, na mara nyingi nimefukuzwa kwa hilo. Sikuona sababu ya kuiacha kazi hiyo nilipofika Marejeo. Niliwakalisha wote watatu kwenye kibaraza cha nyumba ya Kidawa, nikawaeleza. Wakiulizwa, wote waseme neno moja: hatukusogezwa. Wasilaumiane, wasitoe maelezo mengine. Baraza linahitaji mmoja, na likipewa watatu wanaosema neno lilelile halitajua limng'oe yupi. Nilizungumza mpaka koo likanikauka. Mzee Songoro alinisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akasema mpango ni mzuri, ila mgeni anadhani watu wa hapa hawakuufikiria. Kidawa alisema yeye ameufikiria tangu juzi. Tukakubaliana. Bi Tunu alinishukuru, akaniuliza kama kwetu mpango huo uliwahi kufaulu. Nikamwambia mara moja. Akauliza lini. Nikabadilisha mazungumzo.

Baraza la Kigeuko hukaa kwenye ukumbi mkubwa wenye ubao uliochorwa sakafuni, na kete za mbao zinazomfikia mtu kiunoni. Mchambuzi Mkuu alikuwa Bwana Yonazi Kisarika, mtu mwembamba, mpole, asiyepaza sauti. Mheshimiwa Rugumba aliketi mbele kama mgeni wa heshima, na utepe wake. Faraji Tindwa, yule Mkono, alikuwa ameketi pembeni anakula karanga. Ukumbi ulijaa, na kila mtu alikuwa na maoni.

Wa kwanza aliitwa Mzee Songoro. Alisema hakusogezwa. Moyo wangu ukatulia. Kisha Bwana Kisarika akamuuliza, kwa heshima kubwa, yeye kama mjuzi wa siku nyingi, anaonaje. Hiyo ndiyo iliyommaliza. Mzee akajinyoosha, akakohoa, akasema kwamba ukimuuliza yeye kama mjuzi, askari wa pembeni siku zote husimama kwa uzito. Kidawa naye akasema hakusogezwa, tena angesogezwa angekwenda, hakuumbwa mvivu kama wengine walioko pembeni ambao hatawataja. Mpango wangu ulikuwa umeishi kwa muda wa kumenya chungwa.

Akaitwa Bi Tunu.

"Bi Tunu," alisema Bwana Kisarika, "mfalme alipofungiwa, askari wako alikuwa amesimama wapi?"

"Pale alipowekwa."

"Tangu lini?"

"Tangu mchezo ulipoanza."

"Kwa hiyo mchezo mzima hakufanya lolote."

"Alimlinda mfalme. Ndivyo tulivyoagizwa."

"Alimlinda asitoke?"

Ukumbi ukacheka. Mheshimiwa Rugumba alicheka kwa kiasi, kama inavyompasa mgeni wa heshima. Bwana Kisarika akasubiri watu watulie, akauliza kama aliwahi kuomba askari wake asogezwe. Bi Tunu akajibu kwamba askari hana mdomo. Akaambiwa hakuulizwa habari za mdomo, ameulizwa kama aliomba.

Sasa, Marejeo kuna haki moja ambayo mshtakiwa anayo, huitwa kurudisha. Anaweza kuomba kete zipangwe kama zilivyokuwa kwenye hatua yoyote anayoitaka, akaonyesha ambavyo ingekuwa. Bwana Desderi alininong'oneza kwamba watu wachache huitumia. Bi Tunu akaiomba.

Alishuka sakafuni. Alimwinua askari wa Ng'ambo aliyeliwa, akamsimamisha tena kwenye kona yake. Kisha akaishika Ngome ya Rugumba, kete nzito, akaiburura mpaka mahali pake pa awali kwenye mstari wa nyuma. Mheshimiwa aliugusa utepe wake. Bi Tunu akasimama akautazama ubao, akamshika askari wake wa pembeni na kumsogeza mraba mmoja mbele. Basi, hiyo tu. Kisha akaiendesha Ngome ikamle yule wa kona, akaitelemsha ngome ya adui vilevile kama siku ile, na mfalme badala ya kufa akapiga hatua moja ya mshazari, akaingia kwenye nafasi aliyoiacha askari.

"Hapo anapumua," Bi Tunu alisema. "Askari wangu angesogezwa, hata Ngome ingekula ikashiba, tungekunywa maji ya Luhizo leo. Kusogeza si kazi yangu."

Nilidhani ameshinda. Hata sasa nikiikumbuka hatua ile naiona nzuri. Na Bwana Kisarika naye aliiona nzuri. Alitikisa kichwa kwa furaha ya kweli, akamsifu, akasema ni nadra kuona jambo limeelezwa kwa uwazi namna hiyo.

"Uliijua lini hatua hii?" akauliza.

Nilimwona Bi Tunu ameliona shimo, na nikaona hakuna pa kulikwepea.

"Siku ile ile," akasema.

"Kabla Ngome haijatoka, au baada?"

"Kabla."

"Ukanyamaza."

Ukumbi ukaguna, ule mguno wa watu waliopata walichokuja kukitafuta. Bwana Desderi alinieleza sheria: asiyejua husamehewa kwa ujinga wake, lakini aliyejua akanyamaza ndiye kigeuko. Nikamuuliza kama angepaza sauti uwanjani ingekuwaje. Alisema kupaza sauti mchezo unapoendelea ni kuingilia Mkono, na adhabu yake ni kuvushwa mtaro. Alinieleza hayo kwa uvumilivu. Mama mmoja nyuma yangu alikuwa tayari anajadili miti ya nyumba ya Bi Tunu itachukuliwa na nani.

Kulikuwa kumebaki jambo moja la utaratibu. Kabla ya kutamka hukumu, majirani wawili huulizwa kama wao pia waliijua hatua ile, ili ithibitike kwamba aliyejua alikuwa mmoja tu. Jibu linalotarajiwa ni hapana. Ukisema hapana unakwenda nyumbani kwako. Bwana Kisarika aliuliza huku ameshaanza kuikunja miwani yake.

Mzee Songoro akainuka. Alimtazama Bi Tunu, akautazama ubao, akautazama ukumbi uliomtazama. Nikamwona anapambana na neno hapana kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki.

"Mimi Songoro," akasema, "nimeanza kucheza sataranji huyu hajazaliwa. Nisiione hatua ya askari mmoja, aione mpika wali? Niliiona. Tena niliiona kabla yake."

"Kabla yake ipi, babu?" Kidawa alikuwa ameshasimama. "Siku hiyo ulilala, nikakufukuzia nzi mimi mwenyewe. Aliyeiona ni mimi. Na si hiyo ya pembeni tu, niliona na ya askari wako wa katikati, nikasema moyoni, yule mzee hataiona hata akipigwa nayo usoni."

Bwana Kisarika aliwaomba wajibu swali tu. Lakini mlango ulikuwa umefunguka. Kutoka nyuma mchinja nyama mmoja akasema, kwa kweli, ile hatua ilikuwa wazi, yeye alimwonyesha shemeji yake siku ileile. Shemeji akakana, akasema yeye ndiye aliyemwonyesha mchinjaji. Wamwanzo wakatoa taarifa kwamba wao waliiona tangu hatua ya kwanza. Wamwisho wakajibu kwamba kuona mapema namna hiyo si kuona, ni kubahatisha, na kwamba wao waliiona kwa wakati unaofaa. Mjumbe mmoja wa Baraza, ambaye asubuhi yote alikuwa amesinzia, akasema ameiona yeye pia na hataki idhaniwe vingine. Nchi nzima ingevumilia kupoteza chemchemi, lakini hakuna aliyevumilia kusemwa kwamba mjane wa Bondeni aliona hatua ambayo yeye hakuiona.

Mwisho mzee wa Wamwisho akamgeukia Mchambuzi Mkuu mwenyewe na kumuuliza, kwa unyenyekevu wa kuudhi, kama yeye labda siku ile alikuwa mbali na ubao.

Bwana Kisarika alivaa miwani. Alikuwa mtu mwerevu, na najua alijua atakachokisema kitamgharimu nini. Hakuweza kujizuia.

"Mtu yeyote mwenye macho aliiona," akasema.

Ukumbi mzima ukaanza kufanya hesabu. Walijua wote, na wote walinyamaza. Kisheria nchi nzima ilikuwa kigeuko, na ilipaswa kubomolewa na kuvushwa mtaro, pamoja na Baraza. Bwana Desderi alikuwa amekoma kunieleza. Faraji Tindwa pekee aliendelea na karanga zake, maana Mkono hauhojiwi. Mheshimiwa Rugumba akakohoa mara moja, na wajumbe wakainuka wakaenda kwenye chumba cha nyuma.

Waliporudi walikuwa na nyuso zilizopauka na uamuzi. Baraza lilikuwa limeichunguza hatua iliyoonyeshwa na Bi Tunu Mwachiro na kuona kwamba haipo. Kuanzia mwanzo wa dunia, askari waliosimama mbele ya mfalme aliyekwisha kuwekwa pembeni hawawezi kusogea, na wale waliodhani waliona wanasogea waliona vibaya. Hatua isiyokuwepo haijulikani, na isiyojulikana haiwezi kunyamaziwa. Kwa hiyo hakuna aliyejua, na Bi Tunu hana kosa. Kigeuko cha mchezo kilipatikana kuwa ni yule askari wa Ng'ambo aliyesimama kwenye kona bila mlinzi, kwa kujiweka mahali pa kuliwa. Nyumba yake, bahati mbaya, ilikuwa nje ya mamlaka ya Baraza. Mheshimiwa alibaki na utepe.

Watu walitoka wakiwa wameridhika. Nje Mzee Songoro alinishika mkono akaniambia nimeona mwenyewe jinsi walivyoshikamana. Nilitaka kumjibu. Nimekesha mikutano mingi maishani nikihubiri umoja, nikatupiwa mawe kwa ajili ya umoja, na siku niliyouona umefanya kazi ulikuwa umefanywa na majivuno. Nilimwambia hongera, mzee.

Furaha ya Bondeni haikukaa. Wa Ng'ambo, baada ya kuichukua chemchemi, waligundua kwamba chemchemi bila ardhi inayoizunguka ni usumbufu, wakaomba mtelemko wote wa chini. Marejeo hawakukataa, kwa sababu hawakatai mchezo. Ubao ungewekwa tena. Safari hii wangechezea Bondeni yenyewe, nyumba zote, na ya Bi Tunu ya kwanza kutoka chini.

Nilikuwepo kwake siku habari hiyo ilipoletwa. Alikuwa ameshaung'oa mlango wake kabla ya kwenda Barazani, kwa kuwa anayebomolewa huruhusiwa kuondoka na kile alichokitoa mwenyewe, na sasa alikuwa anaurudisha. Kidawa alishika upande mmoja huku akilalamika kwamba mlango umeongezeka uzito. Mama mkwe alikuwa ndani, anatoa maagizo. Habari ililetwa na Faraji Tindwa mwenyewe, kwa uchangamfu wake uleule, maana amechaguliwa tena: amecheza mara moja tu, bado ni wa ridhaa.

Kidawa alimwambia aende akamtangazie mama yake. Bi Tunu akamkaribisha maji, yaliyokuwa yamechotwa mbali. Akamwacha anywe.

"Kaka Faraji," akasema, "siku ile wewe uliiona?"

"Ipi, mama?"

"Ile isiyokuwepo."

Faraji alitazama nyuma yake njiani, kisha akaitazama kata ya maji aliyoishika. Ilikuwa ni mara ya kwanza kumwona hacheki. Katika nchi ile hakuna aliyekuwa amemuuliza swali tangu alipokaa ubaoni, na nadhani hakuwa na uzoefu wa kujibu.

"Niliiona," akasema. "Mkono ulikuwa umeshafika juu ya askari wako. Mheshimiwa akanigusa bega."

"Hukaa nyuma yako?"

"Nyuma ya kila Mkono, kila mchezo. Kuna kigoda."

"Kigoda cha nani?"

"Hakina jina," akasema. "Anakikalia tu."

"Na ukiguswa bega unafanyaje?"

"Nasogeza pale macho ya aliyenigusa yalipo. Mimi, mama, sijafundishwa." Akaongeza haraka kwamba hata hivyo hatua ile imefutwa, Baraza limeifuta, yeye alikuwepo.

Bi Tunu alisema naye alikuwepo, amesikia. Akauliza kama wa Ng'ambo nao wameifuta.

"Wao wanacheza sataranji ya kawaida," Faraji akasema.

"Kwa hiyo ukiicheza, wao wataihesabu."

Bi Tunu alichukua msumari kutoka mdomoni, akaupigilia kwenye bawaba, akaupigilia tena mpaka ukakaa.

"Mheshimiwa huingia saa ngapi uwanjani?"

"Ngoma zikishapigwa, watu wote wakishaketi. Waheshimiwa hawawahi."

"Mimi nawahi kuketi," Bi Tunu alisema, na akamwomba Kidawa ainue mlango kidogo upande wake, haujakaa sawa.